Ajabu Kabla ya Istiara: Kumchagulia Kitabu Msomaji wa Fantasia na Bunilizi za Kisayansi

Katika kazi zote zinazompasa mhakiki wa fasihi, kumchagulia mtu kitabu ndiyo iliyoandikiwa machache mno. Aghalabu mhakiki huandika juu ya kitabu ambacho msomaji anadhaniwa amekwisha kukisoma, au hana budi kukisoma kwa kuwa kimo katika mtaala. Kupendekeza ni jambo la namna nyingine. Anayependekeza hukitangulia kitabu na kukidhamini mbele ya mtu asiyekuwa na wajibu nacho wowote, ambaye anaweza kukifunga katika ukurasa wa kumi bila ya kumtaka mtu radhi. Hapo uhakiki hupimwa kwa kipimo kisichokuwamo katika mtihani: je, kitabu kitasomwa hadi mwisho, na je, msomaji atarudi kuomba kingine?

Suala hili huwa gumu zaidi msomaji anapokuwa mwenye uchu wa fantasia na bunilizi za kisayansi. Msomaji wa aina hiyo hahitaji kushawishiwa asome. Kitabu cha kurasa mia sita hakimtishi; akikimaliza huuliza kama kina juzuu ya pili. Katika idara ya Kiswahili, hata hivyo, msomaji huyo mara nyingi huwa na maisha mawili: husoma Kiingereza kwa mapenzi na Kiswahili kwa wajibu. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo umechangiwa pakubwa na jinsi maajabu yanavyofundishwa katika fasihi ya Kiswahili. Hufundishwa kama mafumbo ya kufumbuliwa kabla hayajapewa nafasi ya kuwa maajabu.

Mfano mmoja utatosha kulidhihirisha jambo hili. Mwanafunzi wa uzamili, ambaye alikuwa amezisoma juzuu tatu za The Lord of the Rings za J. R. R. Tolkien (1954-1955) zaidi ya mara moja, na ambaye aliwajua Isaac Asimov, Ursula K. Le Guin na Octavia Butler kama mtu anavyowajua jirani zake, alimwendea mhadhiri wake na kumwuliza kama palikuwa na cho chote cha Kiswahili cha namna hiyo. Mhadhiri alifanya ambalo wengi wangelifanya: alimpa Kusadikika ya Shaaban Robert. Siku ya pili kitabu kilirudi.

"Hiki tulikisoma mwaka wa kwanza, Mwalimu," mwanafunzi alisema kwa adabu. "Kinahusu ukoloni."

Jibu hilo lilikuwa sahihi, na katika karatasi ya mtihani lingepata alama. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa nchi ya udhamini chini ya utawala wa Uingereza, na mfumo wake wa mashtaka, vifungo na watawala wasiotaka kusikia shauri jema unaweza kabisa kusomwa kama tashtiti ya utawala wa aina hiyo. Lakini msomaji yule yule hangesema kamwe kuwa riwaya ya Tolkien "inahusu vita vya Ulaya", akaridhika na kuirudisha rafuni. Angeona kuwa anayesema hivyo hajaisoma. Kwa nini basi kitabu cha Kiswahili kiliweza kufungwa kwa maneno mawili, na kile cha Kiingereza kikabaki wazi?

Nadharia ina la kusema hapa. Tzvetan Todorov, katika utafiti wake wa mwaka 1970 juu ya fasihi ya kifantasia, alishikilia kwamba fantasia hutegemea kusita kwa msomaji baina ya maelezo ya kawaida na maelezo yanayopita maumbile, na kwamba usomaji wa kiistiara huvunja kusita huko. Msomaji akishaambiwa kuwa nyani ni mfano wa tamaa, hana tena sababu ya kumwogopa nyani. Tolkien naye, katika dibaji ya toleo la pili la riwaya yake, alieleza kuwa hakuipenda istiara inayomfungia msomaji maana moja; alipendelea hadithi ambayo msomaji ana uhuru wa kuihusisha na maisha yake mwenyewe. Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliifafanua bunilizi ya kisayansi kuwa fasihi inayoufanya ulimwengu wa msomaji uonekane mgeni kwa kuingiza jambo jipya moja ambalo mantiki yote ya hadithi hulitegemea. Wataalamu hawa watatu hawakubaliani katika mengi. Hata hivyo, kwa wote, jambo la ajabu lina uzito wake lenyewe. Maana hutoka ndani yake kadiri msomaji anavyokaa nalo.

Uhakiki wa Kiswahili, hususan ule uliokuwa na nguvu katika miaka ya 1970 na 1980, ulikuwa na sababu nzuri za kuharakisha kuelekea kwenye maana. Fasihi ilitarajiwa kuizungumzia jamii, na mhakiki alitaka kuonyesha kuwa mwandishi aliyeandika juu ya nchi ya kubuni hakuwa ameikimbia nchi yake. Hoja hiyo ilihitajika na ilishinda. Tatizo ni kwamba ushindi wake uligeuka kuwa mazoea ya darasani. Ikawa nchi ya angani hutajwa katika sentensi ya kwanza ya mhadhara ili katika sentensi ya pili iondolewe, ibaki Tanganyika peke yake.

Ni vyema kuangalia kinachopotea. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi kutafuta mambo ya manufaa: wanne kwenye pande nne za dunia, mmoja Mbinguni na mmoja Ardhini. Kila aliyerudi na maarifa alitiwa gerezani. Msomaji aliyezoea bunilizi za kisayansi, akipewa nafasi, hulisoma jambo hili kama lilivyo. Nchi iko angani. Kuna mjumbe anayeshuka kwenda ardhini. Kwa hiyo ardhi anayoikanyaga msomaji mwenyewe ni nchi ya kigeni inayohitaji kupelekewa mjumbe, na msomaji ni mmoja wa wageni ambao mjumbe huyo atawakuta. Huko ndiko kugeuzwa macho ambako Suvin alikuwa akikuzungumzia, na kumo katika kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka ishirini kabla ya Suvin kuliandikia kitabu. Anayesoma Kusadikika kama Tanganyika tu hubaki mahali pake muda wote. Anayeisoma kama nchi ya angani hujikuta ametazamwa kutoka juu.

Mlinganisho na Jonathan Swift unasaidia. Katika sehemu ya tatu ya Gulliver's Travels (1726) mna kisiwa cha Laputa kinachoelea angani kwa nguvu ya sumaku. Mfalme wake huweza kukisimamisha juu ya mji ulioasi akaunyima jua na mvua, au akakishusha uuponde. Wahakiki hawaoni haya kujadili jinsi kisiwa hicho kinavyokwenda, na hakuna anayedhani kuwa mjadala huo unaidhoofisha tashtiti. Ni kwa kuwa kisiwa kinaelea kweli ndani ya hadithi ndipo dhuluma yake inapoeleweka: mtawala aliye juu huhitaji tu kusimama mahali fulani ili walio chini wakose mwanga.

Baada ya Kusadikika kurudishwa, mhadhiri alibadili njia. Safari hii alimpa mwanafunzi Adili na Nduguze, kitabu kingine cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, na hakusema lo lote juu yake isipokuwa kwamba ni chembamba na kina majini. Wiki moja baadaye mwanafunzi alirudi na maswali. Ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mansuri, waligeuzwa manyani na Huria, naye Adili aliamrishwa awapige kila usiku. Mwanafunzi alitaka kujua kama nyani anayepigwa anakumbuka kuwa alikuwa binadamu, na kama mkono wa Adili uliwahi kuzoea. "Akizoea," aliuliza, "hajageuka naye pia?"

Swali hilo halimo katika maswali ya marudio. Huzungumzwa sana juu ya wivu wa ndugu na subira ya Adili, na kitabu chenyewe kinayapa mambo hayo majina ya wazi. Lakini mkono unaopiga kila usiku kwa amri ya jini ni tatizo la kimaadili ambalo haliwezi kuonekana mpaka msomaji akubali kwamba chumbani mna manyani wawili, mjeledi na mtu mmoja mwema. Msomaji wa fantasia alilifikia kwa sababu amejifunza kukubali. Kipawa chake ndicho hicho, na mwalimu wa fasihi hufanya hasara kubwa anapokidharau kama utoto.

Hapa inafaa kuongeza tahadhari ambayo nadharia za Ulaya haziijui vizuri. Katika upwa wa Afrika Mashariki jini si kiumbe cha fantasia kwa kila msomaji. Kurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la majini, na msomaji Mwislamu wa Lamu au Pemba huweza kuzisoma habari za Huria bila ya kusita kokote kule alikokutaka Todorov. Kwake jambo la kustaajabia litakuwa jingine: labda mji wa watu waliogeuzwa mawe, labda mfalme anayeshughulikia dhiki za wanyama. Mpaka baina ya uhalisi na ajabu haukuchorwa mahali pamoja Mombasa, Machakos na Paris. Kwa hiyo anayependekeza hana budi kujua mpaka wa msomaji wake umepita wapi, na njia nyepesi ya kujua ni kumwuliza, kabla ya yote, ni kitabu gani alichokirudia. Vitabu ambavyo mtu amevisoma huonyesha alivyoweza kuvipata. Vile alivyovirudia ndivyo vinavyoonyesha njaa yake.

Njaa hizo si za aina moja. Wapo wanaopenda swali: itakuwaje jamii isipokuwa na mali ya mtu binafsi? Msomaji aliyependa The Dispossessed ya Le Guin (1974), ambamo mwanafizikia anasafiri kutoka sayari isiyojua umiliki hadi ile iliyojaa umiliki, apewe Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha angani kiwe kaburi lake, naye anakiongoza hadi anatua katika nchi ambayo mahusiano ya watu yamepangwa kwa namna nyingine kabisa. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Safari yake haikubuniwa na mtu aliyeikimbia dunia. Kuna sharti moja tu: anayeipendekeza asilifumbue jina la kitabu. Wanafunzi wengi huambiwa katika dakika ya kwanza kwamba Walenisi ni "wale ni sisi". Msomaji aliyesafiri na Dzombo akaligundua mwenyewe hupata mshtuko uliokusudiwa. Aliyeambiwa mapema hupata taarifa.

Wapo wanaopenda wakati uliovurugika, wafu wasiokaa walipozikwa na deni linalodaiwa na waliotangulia. Katika Kindred ya Butler (1979), mwanamke Mweusi wa California ya mwaka 1976 huvutwa kwa nguvu asiyoielewa na kurudishwa Maryland ya enzi ya utumwa, akalazimika kumlinda mmiliki wa watumwa ambaye ni babu yake. Msomaji wa kitabu hicho yuko tayari kwa Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo babu aliyekufa humjia K, mtu wa tabaka linalokula, na kumlazimisha aone. Mwelekeo wa nguvu umebadilika: kwa Butler aliye hai huvutwa kwenye wakati uliopita, na kwa Said Ahmed Mohamed uliopita huja wenyewe hadi mlangoni. Mjadala wa vitabu hivyo viwili ungeweza kuijaza semina nzima.

Wapo wanaopenda safari ndefu na vita vya majitu. Hawa aghalabu huambiwa kuwa Kiswahili hakina chao, ilhali wamesahauliwa Mgeni bin Faqihi na Utenzi wa Rasi 'lGhuli, kazi ya karne ya 19 yenye beti zaidi ya 4,000 za vita, mashujaa na mitihani isiyokwisha. Kadhalika kuna habari za Fumo Liyongo, shujaa asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, alizozitungia utenzi Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Msomaji aliyezoea nathari atahitaji kusaidiwa kuingia katika mwendo wa utenzi. Lakini aliyejifunza majina ya wafalme wa Tolkien na nasaba zao hashindwi na msamiati wa Kiamu.

Na wapo wachache wanaotaka kupotea. Hao ndio wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, vitabu vyembamba ambavyo vimewashinda wengi kwa sababu ya wembamba wao. Mtu hudhani atavimaliza kwa jioni moja. Aliyesoma Solaris ya Stanisław Lem (1961), akajua kuwa fasihi inaweza kumweka binadamu mbele ya kitu ambacho akili yake haitakimaliza, atatembea katika mji wa ukimya wa Nagona kwa subira. Vitabu hivi visitolewe mwanzo, hata kama mhakiki anaamini kuwa ndivyo vikubwa kuliko vyote. Kumpa mtu kitabu kikubwa kabla ya wakati wake ni njia mojawapo ya kumfukuza.

Uaminifu unamtaka anayependekeza ataje pia upungufu. Anayetaka ulimwengu uliojengwa kwa ramani, lugha na hali ya hewa hataupata katika Kusadikika. Shaaban Robert hakujishughulisha na mvua ya nchi yake ya angani. Majina ya wahusika wake hutangaza tabia zao kabla hawajatenda, na hilo humchosha msomaji anayependa kubahatisha. Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002), safari ya kizungumkuti katika kijiji cha utandawazi kumsaka P.P., humtaka msomaji ajue mengi ya historia na falsafa ili afurahie mchezo wake. Na riwaya ambazo sayansi yenyewe ni kiini cha hadithi bado ni chache katika Kiswahili. Sababu moja ni ya kibiashara: mchapishaji wa vitabu vya Kiswahili hutegemea mno soko la shule, na kitabu kisichoelekea kuwa cha kutahiniwa huonekana hasara tangu muswada.

Yamkini mtu atauliza: je, kuna ubaya gani msomaji huyu akiendelea na Kiingereza chake? Hakuna ubaya katika kusoma Kiingereza. Lakini historia ya bunilizi hizi inatoa onyo. Riwaya ya Jules Verne iliyomtoa kwa umma, Cinq semaines en ballon (1863), inaanza safari yake ya puto Zanzibar. Puto lina Waingereza watatu. Wenyeji wa Zanzibar wanatajwa kwa uhasama wao kwa chombo hicho, na huko Kazeh, yaani Tabora ya leo, watu wanalidhani puto kuwa ni mwezi. Hivyo tangu siku zake za mwanzo bunilizi ya kisayansi ya Ulaya iliufahamu upwa huu kama mahali pa kuondokea, na iliwafahamu watu wake kama wale wanaobaki chini wakitazama juu. Zaidi ya karne moja baadaye, filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi (2009), iliweka mustakabali wa binadamu Afrika Mashariki, baada ya vita vya maji. Jina lake ni la Kiswahili; maneno machache yanayosemwa ndani yake ni ya Kiingereza. Hatua kubwa imepigwa tangu Kazeh. Kilichobaki ni kwamba mtu wa kesho apewe pia lugha ya kusemea.

Lugha hiyo haiwezi kutoka kwa waandishi peke yao. Mwandishi wa kesho ni msomaji wa leo, na msomaji wa leo anayefundishwa kuwa maajabu ya Kiswahili ni ganda la kutupwa atakwenda kuyatafuta maajabu kwingine, na huko ndiko atakakoandika. Mwanafunzi aliyetajwa hapo juu aliiomba tena Kusadikika baada ya kumaliza Walenisi. Aliirudisha ikiwa na vipande vya karatasi kati ya kurasa zake, kila kimoja mahali ambapo mjumbe anaondoka au anarudi, na swali lake halikuwa tena kitabu kinahusu nini. Alitaka kujua kwa nini hakuna mjumbe hata mmoja kati ya sita aliyefikiria kubaki alikokwenda.

Yafaa basi idara za Kiswahili zifikirie mambo mawili mepesi. La kwanza ni mpangilio wa kozi: kazi hizi zisomwe pamoja, mkabala na wenzao wa lugha nyingine, badala ya kutawanywa chini ya vichwa vya ukoloni, ujamaa na utandawazi. La pili ni mwenendo wa darasani: mjadala wa juma la kwanza ukae ndani ya ulimwengu wa kitabu, uulize sheria zake, viumbe vyake na gharama za maajabu yake, na tafsiri ya kijamii isubiri juma la pili. Itakapofika itawakuta wanafunzi wana kitu cha kutafsiri. Swali la wajumbe sita lingali linangoja makala yake.